Riwaya zenye zamani na sasa ndani ya kitabu kimoja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanarudi kila mara watu wakianza kusoma, au kujaribu kuandika, zile riwaya ambazo mtu wa leo anachimba siri ya watu wa zamani. Nimeyapanga kuanzia yale ya mwanzo kabisa mpaka yale magumu. Ukiona nimesema "angalia swali fulani" ujue nimeshalieleza huko na sitalirudia.

## Mambo ya mwanzo

1. Hizi riwaya ni zipi hasa?

Ni riwaya moja yenye stori mbili ndani yake. Ya kwanza iko zamani, labda miaka mia au mia tano nyuma, kuna njama, mapenzi ya kificho, urithi ulioporwa, mauaji, mtu kafanya jambo na akahakikisha halijulikani. Ya pili iko karibu na leo, na kuna mtu anatafuta: mwanafunzi wa chuo, mwalimu mstaafu, mtunza nyaraka, mwanaakiolojia, au mjukuu tu aliyekuta barua kwenye sanduku la bibi. Huyu wa sasa anafukua kidogo kidogo kile ambacho yule wa zamani alifukia, na sisi tunasoma pande zote mbili kwa zamu.

Kinachozifunga stori mbili ni kitu cha kushikika kilichovuka miaka. Barua, shajara, ramani, picha ya kuchorwa, pete, mifupa. Bila hicho kitu unakuwa na vitabu viwili vilivyobandikwa pamoja.

2. Sasa ina tofauti gani na riwaya ya kihistoria ya kawaida?

Riwaya ya kihistoria ya kawaida inakuingiza zamani na kukuacha humo humo. Walter Scott alipotoa Waverley mwaka 1814 alikuwa anasimulia mambo ya miaka kama sitini nyuma, na msomaji anabaki kule na wahusika wa kule. Hizi zetu zinakutoa na kukurudisha, alafu zinakuuliza kitu cha ziada: hivi sisi tunajuaje yaliyotokea? Nani aliandika, nani alichoma, nani alinyamaza? Kwahiyo mada siyo zamani peke yake, mada ni kujua zamani.

Kuna ndugu yake wa karibu, ambaye ni uchunguzi wa zamani bila kwenda zamani. The Daughter of Time ya Josephine Tey (1951) iko hivyo: inspekta yuko kitandani hospitalini, mguu umevunjika, anaamua kuchunguza kama kweli mfalme Richard III wa Uingereza aliua wapwa zake waliopotea mwaka 1483, na kijana mmoja mtafiti anamletea habari kutoka kwenye vitabu na nyaraka. Hatupewi sura za 1483, kila kitu kinatokea pale kitandani, na bado kinashika kweli kweli.

3. Aina hii ilianza lini?

Mtu mmoja au tarehe moja ya kusema ndo hapa, hakuna. Ujanja wa "nimeokota maandishi ya kale nawaletea" ni wa zamani sana kwenye riwaya. Ila yule mtafiti mwenye njaa ya nyaraka, anayeishi kwa ajili ya barua za mtu aliyekufa, tayari yupo kwenye The Aspern Papers ya Henry James, 1888. Jamaa anaenda Venice kutafuta barua za mshairi aliyekufa, anapanga chumba kwa mwanamke mzee aliyewahi kuwa mpenzi wa yule mshairi, na anadanganya ili azipate. Mwishoni bei anayotakiwa kulipa ni ndoa, anasita, na barua zinachomwa moja baada ya nyingine. Zamani yenyewe haionekani hata ukurasa mmoja lakini inatawala kitabu kizima.

Umbo tunalolijua leo, la kupishanisha nyakati mbili waziwazi, lilipata nguvu kubwa na Possession ya A. S. Byatt, ambamo watafiti wawili wa wakati wetu wanafuatilia mapenzi ya siri ya washairi wawili wa karne ya 19; ilishinda Booker, tuzo kubwa ya riwaya za Kiingereza, mwaka 1990.

4. Nianze na ipi?

Inategemea wewe ni msomaji wa namna gani. Kama unataka mbio na hatari, Labyrinth ya Kate Mosse (2005): mwanamke wa leo anakuta mifupa pangoni kusini mwa Ufaransa, na upande wa pili tuko mwaka 1209 wakati vita vya kidini vinaufikia mji wa Carcassonne. Kama una subira na unapenda maneno, Possession.

Mimi nikiulizwa ya kwanza kabisa natoa The Book of Secrets ya M. G. Vassanji (1994), iliyopata tuzo ya Giller ya Kanada mwaka ambao tuzo hiyo ilitolewa kwa mara ya kwanza. Mwalimu mstaafu wa historia, Pius Fernandes, yuko Dar es Salaam mwaka 1988 anapewa shajara ya 1913 ya ofisa wa kikoloni wa Kiingereza aliyekaa kwenye kimji cha mpakani. Anaanza kuifuatilia kama kazi tu ya mtu aliyepumzika, taratibu inamgusa yeye mwenyewe, maisha yake na watu aliowafundisha. Nimeipa nafasi ya kwanza kwasababu inaonyesha mapema kwamba anayechimba naye anachimbwa.

## Ukiwa unasoma

5. Mbona sura za zamani zinanishika na za sasa zinanichosha?

Hili ndilo lalamiko namba moja na mara nyingi msomaji yuko sahihi. Kule zamani mtu anaweza kunyongwa, kufukuzwa kwao, kunyang'anywa mtoto. Huku kwa sasa mtu amekaa mezani anasoma, akichoka anakunywa chai, akikosa leo atarudi kesho. Mwandishi akiacha hivyo basi sura za sasa zinakuwa korido ya kupita kwenda chumba chenye mambo.

Ila tatizo siyo kwamba kusoma nyaraka kunaboa, hapana, tatizo ni kwamba mtafiti hana anachokipoteza. Angalia Possession tena, Roland, mmoja wa wale watafiti wawili, anakuta rasimu za barua ndani ya kitabu kilichokuwa cha mshairi anayemsomea, pale London Library, na anaondoka nazo. Kuanzia hapo ni mwizi. Hana cheo, hana hela, kuna maprofesa wakubwa wanaozitaka, kuna suala la nani kisheria ni mwenye barua, na kila anachogundua kinaweza kumjenga au kumvunja. Ukikuta sura za sasa zimelala jiulize tu, huyu mtu akiacha kutafuta leo atapungukiwa na nini? Kama jibu ni "hakuna", umeshajua kwa nini unapiga miayo.

6. Naruhusiwa kuruka sura za wakati mmoja nisome za mwingine tu?

Kitabu ni chako. Ila ukiruka utapoteza kitu ambacho hakiko kwenye sura yoyote peke yake, yaani pengo lililopo kati ya kilichotokea na kile mtafiti anachoamini kilitokea (swali la 14). Kama umechoka sana, soma kitabu kizima kwa mpangilio wake mara moja, alafu ukirudia fuata wakati mmoja toka mwanzo mpaka mwisho. Hapo utaona mwandishi alificha wapi.

7. Nachanganya majina na miaka, nifanyeje?

Andika kwenye karatasi safu mbili, watu wa zamani huku, watu wa sasa huku, na katikati andika kila kitu kinachovuka: barua hii iliandikwa na fulani, sasa iko kwa fulani. Hiyo safu ya katikati ndo muhimu. Na usidharau ukoo uliochorwa kurasa za mwanzo kama upo.

8. Ni kweli kiasi gani? Zile barua na mashairi ya ndani ni halisi?

Mara nyingi mandhari na matukio makubwa ni ya kweli, watu wa katikati ya stori ni wa kubuni, na nyaraka wanazosoma zimetungwa. Washairi wawili wa Possession hawakuwahi kuishi, Byatt aliwatungia mashairi yao na barua zao mwenyewe, kila mmoja kwa sauti yake, na watu wanamaliza kitabu wakienda kuwatafuta. Hiyo siyo kudanganywa, ndio kazi ya riwaya.

Ila soma neno la mwandishi kule mwisho. Mwandishi mwenye heshima anasema hapo alibadilisha nini: amesogeza vita mwaka mmoja, ameunganisha watu wawili kuwa mmoja. Asiposema, usichukue kitabu chake ukakitumia kama ushahidi kwenye mabishano ya historia.

## Mtafiti na kazi yake

9. Watafiti wa kweli wanafanya kazi hivi?

Kuna vitu riwaya zinapatia na kuna vitu zinachafua. Zinapatia ile hali ya kukaa wiki nzima kwenye mafaili bila kupata kitu, alafu jina moja linajitokeza kwenye orodha ya mizigo na mwili mzima unasisimka. Zinapatia pia wivu, maana watu wanaotafiti kitu kimoja wanaweza kuviziana kabisa.

Zinachokosea ni kasi na usafi. Mtu anafungua faili la kwanza anakuta barua nzima, mwandiko unasomeka, kila kitu kimeelezwa. Kwenye uhalisia karatasi imeliwa na wino, kwasababu wino wa zamani wenye madini ya chuma una asidi na baada ya miaka unatoboa karatasi. Kurasa zimepotea, mwandiko ni wa kuumiza macho, na aliyeandika hakujieleza maana aliyemwandikia alikuwa anajua tayari habari yenyewe. Na zile glovu nyeupe mnazoziona kwenye filamu, vyumba vingi vya nyaraka leo vinapendelea mikono mitupu iliyo misafi na mikavu kwa ajili ya karatasi, kwasababu glovu inakuondolea hisia ya vidole na unaweza kuchana. Glovu ni zaidi kwa picha na vitu vya chuma. Kalamu ya wino hairuhusiwi, ni penseli.

10. Siri kubwa inaweza kweli kukaa kwenye makabati miaka yote hiyo bila mtu kuiona?

Inawezekana kabisa, na hili nalisema kwa uzito wote kwasababu watu wanaliona kama ubunifu wa waandishi tu. Wazee wa Kenya waliopitia mateso kwenye kambi za wakati wa Mau Mau waliishtaki serikali ya Uingereza, na katika kesi ile, mwaka 2011, serikali ikakiri kwamba kuna maelfu ya mafaili kutoka makoloni yake ya zamani yaliyokuwa yamefichwa sehemu inaitwa Hanslope Park. Miaka karibu hamsini. Wanahistoria walikuwa wanayauliza na hawakupewa. Na hayo ni yale yaliyobaki, kwasababu wakati wa kuelekea uhuru maofisa waliagizwa wachome mengine au wayatupe baharini kwenye kina kirefu. Mwaka 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa fidia zaidi ya watu elfu tano.

Kwahiyo ukisoma riwaya na mtafiti anaambiwa "hilo faili halipo", usiseme mwandishi anatia chumvi. Wakati mwingine halipo kwasababu mtu aliamua lisiwepo, na huyo mtu ni mhusika mzuri sana ambaye waandishi wengi hawamtumii.

11. Wanajuaje kama waraka ni feki?

Kwa njia mbili kubwa, kitu chenyewe na lugha yake. Kwa upande wa kitu wanaangalia karatasi na wino. Karatasi za Ulaya zilitengenezwa kwa matambara ya nguo mpaka karne ya 19, ndipo mbao ikaanza kushika nafasi, kwahiyo barua ya mwaka 1700 ikiwa na nyuzi za mbao hapo hapo imeanguka. Mwaka 1983 gazeti la Stern la Ujerumani lilitangaza limepata shajara za Hitler, mwanahistoria mkubwa akasema ni halali, haikupita wiki mbili vipimo vikaonyesha vifaa vyake vina kemikali za kung'arisha ambazo hazikuwepo wakati wa vita. Aliyeziandika alikuwa Konrad Kujau, mghushi mzoefu.

Kwa upande wa lugha mfano mtamu ni Lorenzo Valla. Mwaka 1440 alichukua hati iliyodai kuwa kaisari Konstantino alimpa Papa mamlaka juu ya nchi za magharibi, akaonyesha kuwa Kilatini chake kina maneno ambayo watu wa karne ya 4 hawakuyatumia hivyo. Hakuwa na maabara, alikuwa na sikio.

Kama unaandika, fikiria waraka feki ambao aliyeughushi naye ni wa zamani na alikuwa na sababu yake. Hapo unapata fitina ndani ya fitina, na kosa la mtafiti linakuwa na maana.

12. Kwa nini tarehe zinaleta utata hivyo?

Kwasababu kalenda hazikuwa moja. Uingereza ilihama kalenda mwaka 1752, watu wakalala tarehe 2 Septemba wakaamka tarehe 14. Na kabla ya hapo mwaka wao wa kisheria ulikuwa unaanza tarehe 25 Machi, kwahiyo barua iliyoandikwa Februari 1690 sisi tungeiita ya 1691. Mwaka wa Hijria nao una siku 354 au 355, ukibadilisha kichwa kichwa unamfanya mtu azaliwe baada ya harusi ya mama yake, au kabla, na ukoo mzima unageuka.

## Ukitaka kuandika ya kwako

13. Nianze kuandika wakati upi, na sura zipishane moja moja?

Andika zamani kwanza, yote, hata kama msomaji ataona robo tu. Lazima wewe ujue kilichotokea kweli kabla hujaamua mtafiti atapata nini. Ukiandika zote mbili kwa pamoja utajikuta unamfanya mtafiti agundue kile ulichokifikiria asubuhi ile, na msomaji anakihisi.

Kupishanisha moja kwa moja siyo sheria. Sura ya zamani ikiwa na nguvu iache iende, hata kurasa themanini. Unachotakiwa kuepuka ni kumaliza kila sura kwa kishindo alafu unaruka upande wa pili, maana mara ya tatu mtu anakasirika badala ya kuwa na hamu.

14. Msomaji ajue zaidi ya mtafiti, au wajue pamoja?

Hapa ndo penye moyo wa aina hii yote. Ukiwafanya wajue pamoja unapata fumbo, na fumbo likifunguka limeisha. Ukimfanya msomaji ajue zaidi unapata uchungu, na uchungu unabaki. Msomaji amemwona yule mwanamke wa zamani akisita kabla ya kuandika neno "mpendwa", alafu mtafiti anakuja miaka mia mbili baadaye anasema hiyo ilikuwa desturi ya salamu tu. Unataka kumpigia kelele.

(Kama hujasoma Possession ruka aya hii.) Watafiti wanafika mwisho wakiamini yule mshairi alikufa bila kumjua mtoto wake. Alafu kuna kipande kifupi cha mwisho, cha mwaka 1868, tunaona walikutana, akaongea naye, akampa ujumbe wa kupeleka, mtoto akasahau kuufikisha. Hakuna karatasi iliyobaki kwahiyo hakuna mtafiti atakayejua milele, tunajua sisi tu. Kwangu hizo kurasa chache zina thamani kuliko siri zote zilizofichuliwa kabla yake.

Kwahiyo kabla ya kupanga nini kitagunduliwa, panga nini hakitagunduliwa kamwe, na nani atabeba hicho.

15. Mtafiti awe ni uzao wa mtu wa zamani?

Unaweza, lakini jua imetumika sana na msomaji anaihisi toka sura ya pili. Na ina hatari nyingine, inasema kwamba mtu ana haki ya kujali zamani ikiwa tu ni damu yake. Ukiitumia basi damu imletee shida badala ya zawadi, mfano agundue yeye ni wa upande wa aliyefanya ule ubaya na siyo wa aliyetendewa.

16. Naweza kutumia watu halisi waliokufa?

Wengi wanafanya. Waliokufa zamani sana wana utulivu kidogo, ila usidhani mambo yamefungwa: mifupa ya Richard III ilipatikana mwaka 2012 chini ya maegesho ya magari Leicester, na DNA ikathibitisha mwaka uliofuata, zaidi ya miaka 500 baada ya kifo chake. Kwa waliokufa juzi juzi wenye watoto hai, mimi naona bora ubadilishe jina na mazingira, umpe ubaya mtu wa kubuni.

## Kesi ngumu

17. Itakuwaje kama watu ninaotaka kuwaandika hawakuacha maandishi yoyote?

Hili ni swali zuri kuliko yote na linagusa watu wengi sana duniani, watumwa, wanawake wa majumbani, vibarua, wote ambao kalamu haikuwa mikononi mwao. Watu hao kwenye nyaraka wanaonekana kwa macho ya waliowamiliki au kuwahukumu: jina kwenye orodha ya bei, mstari mmoja kwenye kesi ya mahakama, "mpishi" kwenye shajara ya ofisa. Mtafiti wako basi asome kinyumenyume, aulize huyu mpishi alisikia nini mezani, kwa nini siku hiyo ofisa anamtaja alafu hamtaji tena.

Na kuna masimulizi ya mdomo. Yasiandikwe kama kitu cha kujazia pale karatasi zinapoisha, ni ushahidi wenye kanuni zake: nani anasimulia, mbele ya nani, kipande gani kinarukwa wajukuu wakiwepo. Mtafiti anayekaa na bibi siku tatu na kugundua kwamba kila akifika kwenye mwaka fulani bibi anabadilisha mada, huyo amepata waraka.

18. Mtafiti anaweza kukosa jibu kabisa na riwaya ikasimama?

Anaweza. The Book of Secrets inaacha swali lake kubwa bila jibu la uhakika na haijaanguka, kwasababu kufikia hapo mwalimu Fernandes ameshabadilika na tunamwangalia yeye. Masharti ni mawili. Kwanza, asikose kwa uvivu wa mwandishi, akose kwasababu ushahidi kweli haupo au mwenye ushahidi amekataa kuutoa. Pili, awe na chaguo la kufanya hata bila jibu, kama kurudisha barua, kuzichapisha, au kumwambia au kutomwambia mtu ambaye maisha yake yamejengwa juu ya ule uongo.

19. Na akipata jibu alafu akaamua kulificha tena?

Inaruhusiwa na inaweza kuwa kali sana, ila msomaji lazima aone alivyopima. Nani ataumia likitoka, nani ameumia kwa miaka yote lisipotoka. Akilificha ili kulinda jina la familia tajiri, amejiunga na ile njama ya zamani na kitabu kinatakiwa kiijue hiyo. Akilificha kwasababu mwenye siri aliomba hivyo na hakuna aliye hai anayedai haki yake ndani yake, hapo ni jambo lingine, na wasomaji watagawanyika.